Pedali Ipi Inasema Kweli?

Wimbo wa Marty Robbins uitwao “Don’t Worry” ulipotoka mwaka 1961, mashabiki wa muziki wa kantri nchini Marekani walikutana na jambo ambalo masikio yao hayakulizoea. Katikati ya wimbo mpole wa mapenzi, wenye piano na waitikiaji wa sauti laini, liliingia gitaa la besi la nyuzi sita likikoroma na kukwaruza. Mpigaji alikuwa Grady Martin, mmoja wa wapiga magitaa wa studio walioheshimika sana mjini Nashville, na wala hakuwa akifanya mbwembwe. Ndani ya mtambo wa kuchanganyia sauti, njia aliyochomekwa ilikuwa imeharibika, na kila alichopiga kilitoka kimepasuka.

Wangeweza kurekodi upya. Waliamua kuuacha ubovu ule ulivyo, na wimbo ukapanda hadi namba moja kwenye chati ya kantri. Fundi mitambo Glenn Snoddy naye akaketi kutafuta namna ya kuupata mkoromo huo kwa makusudi, kwa transista, ndani ya kiboksi kinachokanyagwa kwa mguu. Kampuni ya Gibson ilikiingiza sokoni mwaka 1962 kwa jina la Maestro Fuzz-Tone. Miaka mitatu baadaye Keith Richards wa Rolling Stones alikitumia kwenye “(I Can’t Get No) Satisfaction”, na dunia nzima ikakisikia. Tangu hapo ubovu una bei dukani, una namba ya toleo na una vitufe vya kuurekebishia.

Mtu anayekanyaga pedali ili sauti yake ipasuke, je, anasema kweli au anadanganya? Swali hili huulizwa kila siku na watu wasiojua kwamba wanafanya falsafa. Bendi iko mazoezini, kijana wa solo ametandaza ubao wenye viboksi vya rangi zote, na mzee aliyepiga magitaa tangu enzi za santuri anamwambia: “Hebu zima hayo madude, mwanangu, tusikie gitaa lenyewe.” Kauli hiyo ina imani ndani yake: kwamba chini ya vifaa vyote kuna sauti ya asili, na kwamba kadiri mtu anavyovua vifaa ndivyo anavyoukaribia ukweli.

Imani hiyo ina mvuto, lakini haivumilii kuchunguzwa. Gitaa la umeme lisilochomekwa popote halisikiki hata chumba cha pili. Tangu George Beauchamp na kampuni ya Rickenbacker walipolitengeneza mwanzoni mwa miaka ya 1930, chombo hiki kimekuwa ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba, ikingoja uzi wa chuma utikisike juu yake. Kanuni yake ni ile aliyoigundua Michael Faraday mwaka 1831: chuma kikitikisika mbele ya sumaku, umeme huzaliwa kwenye waya. Umeme huo ni mdogo mno, hivyo unapelekwa kwenye amplifaya, na amplifaya ina mapendeleo yake. Halafu unafika kwenye spika ya inchi 12, ambayo ikishapita masafa ya Hz 5,000 hivi huanza kuchoka na kuyaacha ya juu yapotee. Kabla pedali yoyote haijawashwa, sauti imekwisha kupita mikononi mwa mabwana watatu. Anayezima pedali zote hafiki kwenye gitaa lenyewe. Anafika kwenye uamuzi wa mtu mwingine, yule aliyebuni sumaku, amplifaya na spika.

Basi kama ukweli wa sauti hautokani na kukosekana kwa vifaa, unatokana na nini? Kuna kitu kimoja ambacho hakuna fundi anayeweza kukibuni kwa niaba ya mpigaji, nacho ni mkono: uzito wa kidole, wepesi wa kucha, kusita kabla ya noti. Swali linaweza kuulizwa upya namna hii: kifaa hiki kinaufanya nini ushahidi wa mkono? Kinaufikisha kwa msikilizaji, au kinauficha? Kwa kipimo hicho pedali mbili zinazokaa karibu kwenye ubao wa wapiga magitaa wengi, ovadraivu na kompresa, zinatoa majibu yasiyotarajiwa.

Ovadraivu maarufu kuliko zote ni kiboksi cha kijani, Ibanez Tube Screamer TS808, kilichobuniwa na Susumu Tamura nchini Japani mwishoni mwa miaka ya 1970. Kusudi lake lilikuwa kuiga amplifaya ya valvu iliyofunguliwa sauti hadi ikazidiwa. Stevie Ray Vaughan wa Texas aliitumia familia hii ya pedali kwa namna iliyofanya vijana wengi waitafute. Ina vitufe vitatu tu: kimoja cha kiasi cha kupasua, kimoja cha wembamba wa sauti, kimoja cha ukubwa. Ndani yake, kijidude kidogo chenye miguu minane hukuza umeme wa gitaa, na pembeni yake hukaa dayodi mbili zilizopeana migongo.

Chukua noti moja. Mpigaji anagonga uzi wa tano, La ya chini, unaotikisika mara 110 kwa sekunde. Akigonga kwa upole na kitufe cha kupasua kikiwa chini, wimbi la umeme huinuka na kushuka bila kufika mbali, na dayodi zinaendelea kulala. Akigonga kwa nguvu, wimbi linapanda. Likifika karibu volti 0.6, dayodi zinaamka, zinafungua njia, na kilele cha wimbi kinanyolewa. Wimbi lililonyolewa kichwa haliwezi kubeba masafa yaleyale. Linazaa mengine juu yake. Likinyolewa sawasawa juu na chini, yanayozaliwa ni ya namba witiri: Hz 330, 550, 770. BOSS walipotoa OD-1 mwaka 1977 walipanga dayodi zinyoe upande mmoja zaidi ya mwingine, na hapo yakaongezeka ya shufwa, 220 na 440. Kelele ambayo sikio linaiita uchafu ni jamii ya noti zenye mpangilio wake, na zote ni uzao wa ile noti ya kwanza.

Jambo la kuangalia ni nani anayezialika. Pedali ikiwa imewekwa kwa kiasi, mpigaji akigusa taratibu gitaa husema kwa sauti ya kawaida, akikaza mkono hukwaruza, akirudi nyuma hutulia tena. Anaweza hata kuiacha pedali ikiwa imewashwa wimbo mzima na kupunguza kitufe cha sauti kwenye gitaa lake. Mkoromo utaondoka wenyewe. Kila badiliko la mkono linasikika mara mbili, kwanza kwenye ukubwa wa sauti, kisha kwenye rangi yake.

Kompresa hufanya kazi kinyume. MXR Dyna Comp, kiboksi chekundu kilichotoka miaka ya 1970, kina vitufe viwili tu, cha ukubwa wa sauti na cha wepesi wa kuhisi. Ndani yake kuna mlinzi anayepima ukubwa wa kila kinachoingia. Noti iliyopigwa kwa nguvu anaishusha. Iliyopigwa kinyonge anaipandisha. Inayokufa anaishika isiondoke. Kompresa ya studio ikipangwa kwa uwiano wa nne kwa moja, mpigaji akipandisha sauti kwa desibeli 8 juu ya kiwango kilichowekwa, msikilizaji anapata desibeli 2 tu. Mtambo wa 1176 uliobuniwa na Bill Putnam mwaka 1967 unaweza kuanza kubana ndani ya sehemu 20 za milioni za sekunde, kabla ya kucha kumaliza kuondoka kwenye uzi. Hata hivyo umbo la wimbi halinyolewi. Linapunguzwa au kuongezwa ukubwa tu, kwa hiyo sikio halihisi uchafu wowote.

Hapo ndipo lilipo jambo la kushangaza. Pedali ambayo kila mtu anaiita chafu ndiyo inayoutangaza mkono, na ile inayosifiwa kwa usafi ndiyo inayoufunika. Mwanafunzi ambaye vidole vyake bado havijasawazika, noti moja ikitoka kubwa na ya pili ikimezwa, akipita kwenye kompresa iliyokazwa atatoka kama aliyefanya mazoezi ya miaka. Msikilizaji hataona mshono. Na ustadi wa kompresa nzuri ni huohuo wa kutoonekana: ikisikika, watu husema imepangwa vibaya.

Aristotle angekuwa na la kusema juu ya mlinzi huyu. Katika kitabu cha pili cha Maadili ya Nikomako alifundisha kwamba wema hukaa kati ya kuzidi na kupungua, na mtu angedhani kompresa imehitimu shule yake. Lakini yeye mwenyewe alitoa tahadhari kwa mfano wa chakula cha wanamieleka. Kama mina kumi za chakula ni nyingi na mbili ni chache, haifuati kwamba mwalimu wa mieleka atawapa wote mina sita, kwa sababu kiasi hicho ni kidogo kwa Milo, bingwa mwenye mwili mkubwa, na ni kikubwa kwa anayeanza. Katikati ya hesabu ni moja kwa watu wote. Katikati ya maadili humtazama mtu, wakati na jambo lenyewe. Kompresa inajua katikati ya hesabu. Haijui kwamba noti hii ilipigwa kinyonge kwa sababu maneno ya wimbo yamefika kwenye msiba, wala kwamba ile nyingine ilizidi kwa sababu kidole kiliteleza. Zote mbili inazisawazisha.

Hata hivyo, kuihukumu kompresa kuwa mwongo kungekuwa haraka. Anayepiga hayuko peke yake, kuna anayesikiliza. Kwenye ukumbi uliojaa watu, ngoma na besi zikiwa zimepamba moto, kile kipande alichokipiga mpiga solo kwa upole kinawafikia walio mbele tu. Walio karibu na mlango hawakipati kabisa. Kompresa inapokiinua kipande hicho, inampa wa nyuma haki aliyokuwa nayo wa mbele. Redio zilielewa hili mapema: vifaa vya kubana sauti viliingia kwenye matangazo ili mtambo wa kurusha usizidiwe na ili msikilizaji wa mbali asipoteze neno. Lowell George wa bendi ya Little Feat alipotelezesha soketi ya spana juu ya nyuzi kupitia kompresa, noti zilidumu kuliko uzi wenyewe ulivyoweza kudumu. Hakuna aliyedanganywa. Alikuwa amepata pumzi ndefu zaidi ya kusema alichotaka kusema.

Ovadraivu nayo isivikwe kilemba cha ukoka. Kitufe cha kupasua kikifunguliwa hadi mwisho, Tube Screamer hukuza umeme wa gitaa zaidi ya mara mia moja. Hapo hata mguso mwepesi kabisa unavuka volti 0.6, na vilele vyote vinanyolewa kwa wembe mmoja. Mpigaji akaze, alegeze, sauti inatoka ileile. Kwa kweli kunyolewa huko ni kubanwa pia. Tofauti ya pedali hizi mbili ni ya muda. Kompresa hubana polepole kidogo, ikifuata ukubwa wa noti nzima. Dayodi hubana papo hapo, ndani ya kila wimbi moja moja, na ndiyo maana umbo huvunjika. Kiboksi kilekile kilichokuwa shahidi mwaminifu asubuhi, jioni kinaweza kuziba mdomo wa mkono kuliko kompresa yoyote, na kitu pekee kilichobadilika ni robo mzunguko wa kitufe.

Wapo watakaosema kwamba mjadala huu wote ni wa wazungu na roki yao, na kwamba magitaa ya Kinshasa na Dar es Salaam yalikwishatoa hukumu: sauti safi. Ni kweli kwamba kwenye rumba ya Franco na TPOK Jazz, na kwenye nyimbo za Mlimani Park, gitaa hung’ara bila mkoromo. Lakini sababu yake iko kwenye fizikia kuliko kwenye unyenyekevu. Dayodi zisizonyoa sawasawa juu na chini, zikipokea noti mbili kwa pamoja, huzaa pia tofauti ya masafa yake. Mpiga roki akishika La ya Hz 110 na Mi ya Hz 165, tofauti ni 55, ambayo ni ileile La, ngazi moja chini. Sauti inanenepa na kupendeza. Mpiga rumba anapenda noti mbili zilizo karibu zaidi, zile zinazokwenda sambamba kama waimbaji wawili. La ya Hz 110 ikikutana na Do iliyopandishwa nusu toni, ya Hz 138.6, tofauti ni 28.6, masafa yasiyo ya noti yoyote katika wimbo. Kinachotoka ni tope. Mpiga solo wa dansi anaihitaji sauti isiyonyolewa ili noti zake mbili zisigombane, na kompresa kidogo humsaidia kila pacha asikike sawa na mwenzake. Usafi wake ni mahitaji ya ulinganifu aliouchagua.

Na si kweli kwamba Afrika imependa sauti safi tu. Washona wa Zimbabwe hufunga makombe au visoda kwenye mbira dzavadzimu ili kila noti iambatane na mvumo wa kukwaruza. Mbira hiyo ndiyo inayopigwa usiku kucha kwenye bira, ibada ya kuwaita mizimu, na mvumo ni sehemu ya sauti inayowaita. Anayeondoa visoda ili noti zisikike vizuri amebaki na ala isiyotimia. Kwa Wagogo wa Dodoma, tundu kwenye sanduku la ilimba huzibwa kwa utando wa buibui ili sauti itetemeke. Hukwe Zawose, aliyeibeba ilimba kutoka Bagamoyo hadi kwenye majukwaa ya Ulaya, mwaka 2002 alitoa albamu ya Assembly pamoja na Michael Brook, mpiga gitaa kutoka Kanada. Ala zilizozaliwa na mvumo wake zilikutana humo na gitaa linalotafuta mvumo kwa umeme.

Kanisani pia mambo ni hayohayo. Katika makanisa ya House of God huko Marekani, gitaa la kulaza la umeme lilichukua nafasi ya kinanda tangu miaka ya 1930, ndugu Troman na Willie Eason walipolileta ibadani. Mpigaji humfuata mhubiri: anapolia naye analia, anapopandisha naye anapandisha, hadi amplifaya izidiwe. Robert Randolph, aliyejulikana baadaye kwenye matamasha makubwa, alilelewa kwenye ibada hizo. Hakuna muumini pale anayedai sauti isafishwe kwanza ndipo imfikie Mungu. Koo la mhubiri lililopasuka kwa kuhubiri huaminiwa kuliko koo lililopumzika, na gitaa linapewa imani hiyohiyo.

Kinachobaki ni mpangilio, na wapiga magitaa hubishana juu yake hadi usiku. Kompresa ikitangulia, dayodi zinapokea sauti iliyokwisha kusawazishwa. Ovadraivu inakoroma kwa kiwango kimoja, tamu na ndefu, lakini haijui tena kama mkono ulikaza au ulilegea. Ovadraivu ikitangulia, mkono husema kwanza, kisha kompresa huja kupanga ukubwa, ingawa hulipia kwa kuinua mshindo wote wa chinichini: mvumo wa umeme, vidole vinavyosugua nyuzi, pumzi ya amplifaya. Mpangilio wa kwanza unahariri kauli kabla haijatamkwa. Wa pili unaiacha itamkwe, kisha unaihariri mbele ya watu, pamoja na kikohozi cha msemaji.

Studioni tatizo limechukua sura nyingine. Siku hizi mafundi wengi hurekodi gitaa kwa njia mbili kwa pamoja. Waya mmoja hupita kwenye pedali na amplifaya. Mwingine huchukua umeme mkavu moja kwa moja kutoka kwenye gitaa, ukahifadhiwa bila kuguswa, ili wiki ijayo mtu mwingine aurudishe kwenye amplifaya nyingine na pedali nyingine. Ule mkavu huitwa asili, na kwa mwenye imani ya mzee wa mazoezini, huo ndio ushahidi safi wa mkono.

Ukiusikiliza peke yake, utasikia mambo yasiyoeleweka. Noti inapigwa na kufa kwenye pigo la pili, lakini kidole kinaendelea kuitikisa hadi la nne, kikitikisa uzi usiosikika tena, kwa sababu mpigaji aliisikia ikidumu kwenye kompresa yake. Kodi, yaani noti kadhaa kwa pamoja, inaguswa kwa woga, kama na mtu asiyejiamini, kumbe alikuwa akikwepa ukingo wa dayodi ili ashambulie kodi inayofuata. Mapengo yameachwa wazi kwa ajili ya mkoromo ambao haumo. Mkono ulikuwa ukijibu sauti iliyokuwa ikirudi sikioni, na nusu ya mazungumzo hayo haikurekodiwa kwenye waya ule mkavu. Ndiyo maana kabla ya kikao kuvunjwa fundi makini huinama na simu yake, akapiga picha ya ubao wa pedali: ipi imetangulia, ipi imewashwa, na kila kitufe kimesimama wapi.